Sita au Kumi na Tatu

Kiswahili cha kila siku kina neno moja tu kwa bunduki ndogo inayoshikwa mkononi: bastola. Ofisa aliyeifunga kiunoni ana bastola, na jambazi anayeificha chini ya shati ana bastola. Kwa anayesikiliza habari redioni neno hilo linatosha. Halimtoshi mtu anayetaka kuinunua, kwa sababu ndani ya neno hilo moja mna mashine mbili zinazotofautiana kama baiskeli na pikipiki. Ya kwanza ni rivolva. Katikati yake kuna kipipa cha chuma kinachozunguka, chenye matundu matano, sita au saba ya risasi. Ya pili ni bastola ya nusu-otomatiki. Hii hubeba risasi zake katika kasha jembamba, yaani magazini, linalochomekwa ndani ya mpini. Kila risasi inapotoka, sehemu ya juu ya bastola inarudi nyuma, inatupa ganda na kupandisha risasi nyingine. Kwetu Kalemie watu huziita zote mbili pistole, kwa kulifuata neno la Kifaransa, na wengi hawana haja ya kuzitenganisha.

Baba mdogo wangu alikuwa na haja hiyo. Yeye ni mfanyabiashara wa ndagala. Hununua samaki kwa wavuvi wa ziwa, akawakausha na kuwatuma bara, kwa gari-moshi la Kabalo linapokuwapo, au kwa lori. Fedha zake humrudia zikiwa noti, dola kwa franka, ndani ya mfuko wa plastiki, na mtu mwenye noti nyumbani hujulikana upesi. Katika mtaa wake nyumba mbili zilivamiwa usiku ndani ya mwezi mmoja. Ya pili ilikuwa ya jirani waliyepakana naye ukuta kwa ukuta. Wavamizi walimfunga mikono, wakachukua fedha na simu, wakampiga mwanawe mkubwa kwa kitako cha bunduki hata akapoteza meno matatu. Baba mdogo alisikia kila kitu kupitia ukutani, naye alikuwa amelala kifudifudi sakafuni pamoja na mkewe na watoto.

Siku chache baadaye aliniita. Mkononi alikuwa na kurasa alizochapishiwa katika duka la kompyuta, nyingine za Kifaransa, nyingine za Kiingereza, zote zikieleza habari za bastola. "Mwanangu," akasema, "weye unasoma lugha. Nisomee makaratasi haya, kisha uniambie: nichukue ile ya kuzunguka ao ile ya kuchomeka?"

Nilizisoma kwa siku mbili. Haya ninayoyaandika ni jibu nililompa, pamoja na mambo yaliyotupata tulipokuwa tukilitafuta.

Nianze kwa kusema kwamba swali lake lilikuwa swali halali na lilikuwa na jibu. Rivolva ndiyo ya zamani zaidi. Samuel Colt wa Marekani alipata hataza ya rivolva yake mwaka 1836, na wazo lenyewe halijabadilika sana tangu wakati huo: kipipa kinazunguka tundu moja, nyundo inapiga, risasi inatoka. Sifa yake kubwa ni kwamba haimdai mtumiaji mambo mengi. Haina magazini ya kusahau. Mara nyingi haina kizuizi cha usalama cha kutafuta gizani. Risasi moja ikikataa kulipuka, unavuta kifyatuo mara ya pili, na tundu linalofuata linakuja lenyewe. Ukitaka kujua kama ina kitu, unafungua kipipa na kuyaona matundu yote kwa mtazamo mmoja.

Kasoro zake nazo ni wazi. Risasi ni chache, na kuzijaza tena moja moja, kwa vidole vinavyotetemeka, kunachukua muda ambao aliyevamiwa hana. Tena kifyatuo chake ni kizito. Kukivuta kabla nyundo haijarudishwa nyuma huhitaji nguvu ya kilo 5 hivi. Ni kama kukiinua kidumu cha lita 5 kwa kidole kimoja. Kidole kinapofanya kazi hiyo mkono mzima unayumba, na risasi inakwenda pasipokusudiwa.

Nusu-otomatiki ina jibu kwa kila kasoro hiyo, na kila jibu lina bei yake. Browning ya mwaka 1935, ambayo imepita katika majeshi ya nchi nyingi, hubeba risasi 13 katika magazini yake. Nyingine za siku hizi hubeba 15 au 17. Ni bapa, hufichika vizuri kiunoni. Kifyatuo chake kwa kawaida ni chepesi, na magazini ikiisha unaichomoa na kuchomeka nyingine kwa muda mfupi. Lakini kabla ya risasi ya kwanza kutoka, mambo kadhaa lazima yawe sawa: magazini iwe imeingia hadi mwisho, risasi iwe imepandishwa kwenye chemba nyuma ya mtutu, kizuizi cha usalama, kama kipo, kiwe kimeondolewa, na kiganja kiwe kimeushika mpini kwa nguvu. Kiganja kikilegea, sehemu ya juu hairudi nyuma sawasawa, ganda linakwama, na bastola inanyamaza. Risasi mbovu, au iliyokaa miaka katika unyevu kama wa ufukoni kwetu, ikikataa kulipuka, mtumiaji lazima aiondoe kwa mikono yote miwili ndipo aendelee.

Kisha kuna hatari moja ambayo kurasa zote ziliitaja, za Kifaransa na za Kiingereza. Mtu akichomoa magazini huuona mpini uko wazi, naye husema, "Haina kitu." Lakini risasi moja inaweza kuwa imebaki kwenye chemba. Bastola isiyo na magazini huua kama ile yenye magazini, na aliyeshika huwa na hakika kabisa kwamba ameshika chuma kitupu.

Kwa hiyo nilimjibu baba mdogo hivi: mtu anayefanya mazoezi kila juma, ambaye mikono yake inaijua mashine kama fundi cherehani anavyoijua cherehani yake, achukue nusu-otomatiki. Mtu ambaye hajawahi kufyatua risasi maishani, asiye na mahali pa kufanyia mazoezi, na ambaye ataishika silaha hiyo kwa mara ya kwanza akiwa ametoka usingizini kwa hofu, achukue rivolva. Hofu humnyang'anya mtu ujuzi wake, ikimwachia yale machache tu aliyoyazoea. Mashine inayomdai machache ndiyo itakayomfaa. Kati ya sita na kumi na tatu, nilimwambia, chukua sita.

Aliridhika. Mimi nikaendelea kusoma, kwa kuwa kulikuwa na jambo jingine katika kurasa zile. Mashine zote mbili zina historia katika mji mmoja wa Ubelgiji, mji wa Liège. Rivolva ya risasi saba ambayo jeshi la Urusi liliichagua mwaka 1895 ilibuniwa na Léon Nagant, mtu wa Liège. John Browning alikuwa Mmarekani, lakini alikifanyia kazi kiwanda cha FN cha Herstal, kando ya Liège, na ndimo alimofia mwaka 1926. Bastola ya risasi 13 ilimaliziwa na Dieudonné Saive, Mbelgiji. Na kutoka Ubelgiji hiyohiyo ndiko alikotoka Alphonse Jacques, ofisa wa jeshi aliyefika ufukoni kwetu mwishoni mwa 1891 na kujenga ngome iliyoitwa Albertville, jina ambalo mji wetu uliendelea kuitwa hadi baada ya uhuru. Alitumwa na chama cha kupinga utumwa. Habari yake rasmi ilikuwa kwamba amekuja kuwalinda watu wa ziwa dhidi ya wafanyabiashara wa watumwa, na wafanyabiashara hao kweli walikuwapo, tena na bunduki zao. Ulinzi ule ulikuja na bunduki nyingine. Biashara ya watumwa ilipokwisha, bunduki za mlinzi zilibaki, na kwa muda mrefu waliokuwa mbele ya mitutu yake walikuwa walewale waliolindwa.

Nilipomweleza baba mdogo habari hizi alicheka. "Historia yako nzuri sana," akasema, "lakini mwizi hataniuliza pistole yangu imetoka Liège ao imetoka wapi."

Alikuwa na haki ya kucheka. Aliyetutoa katika makaratasi na kutuleta nyumbani ni mzee mmoja wa mtaa, askari wa zamani wa enzi za Mobutu, ambaye siku hizi hufuga mbuzi. Baba mdogo alimwendea kumwuliza swali lilelile. Mzee hakujibu. Alimpa kufuli dogo la mlango na ufunguo wake, akamwambia: "Weka hivi viwili chini ya mto. Usiku mmoja nitapiga bati la uzio wako. Ukinisikia, lifungue kufuli gizani, bila taa, bila simu, kabla sijafika kumi. Kufuli ni kitu rahisi kuliko pistole yoyote. Ukiliweza, tutazungumza."

Usiku wa kwanza ufunguo ulianguka chini ya kitanda, na baba mdogo aliutafuta hadi mzee alipochoka kuhesabu akaenda kulala. Usiku wa pili, baada ya siku nne, alilifungua, mzee akiwa amefika thelathini na kitu. Usiku wa tatu alikuwa amejiandaa. Ufunguo alikuwa ameufunga kwa uzi kwenye kufuli lenyewe, na kufuli lilifunguka hesabu ilipofika nane. Akatoka chumbani kwa haraka kwenda sebuleni, kama ambavyo angetoka na silaha, na kwenye ujia wa giza goti lake likagonga kitu laini. Alikuwa binti yake wa miaka sita. Mtoto alikuwa ameamshwa na kelele za bati, akainuka kwenda kwa mama yake, na sasa alikuwa amesimama katikati ya ujia, baina ya baba na mlango wa mbele.

Mzee alisikia kilio akauliza kutoka nje, "Nani yuko mbele yako?"

Mimi sikuwapo usiku huo. Alinisimulia asubuhi, akiwa hajanywa chai. Nyumba yake ina vyumba vitatu na watu tisa. Tulichukua karatasi tukachora mahali kila mmoja anapolala, kisha tukachora mstari kutoka mlango wa chumba chake hadi mlango wa mbele, na mwingine hadi dirisha la sebuleni. Hakukuwa na mstari usiopita juu ya mkeka wa mtoto, au usioishia kwenye ukuta ambao nyuma yake kuna mtoto. Kuta za ndani ni mbao, na risasi ya bastola, iwe ya rivolva iwe ya nusu-otomatiki, hupita kwenye mbao na kuendelea na safari. Hapo nilizitazama upya namba nilizompa. Katika makaratasi, kumi na tatu ni zaidi ya sita, na zaidi ni bora. Katika mchoro wetu, kumi na tatu zilikuwa nafasi saba zaidi za kumkosa mwizi na kumpata mtu wa nyumbani. Na sita zenyewe zilikuwa nyingi.

Swali la mahali pa kuiweka lilikuja baada ya hapo, nalo halikuwa jepesi. Ukiifungia kwenye sanduku lenye kufuli, tulikwisha kuona kufuli linavyofunguliwa usiku. Ukiiweka chini ya mto, watoto huutandika mto huo kila asubuhi. Nilitaka kujitetea kwa uzito wa kifyatuo cha rivolva, kwamba kidole cha mtoto hakitaweza. Lakini nyundo ya rivolva ikisharudishwa nyuma kwa kidole gumba, kama watoto wanavyoona katika filamu, kifyatuo kizito kinakuwa chepesi. Sifa niliyoisifu ilikuwa na mlango wa nyuma.

Ilibaki sheria. Baba mdogo aliiweka mwisho kwa sababu, alisema, wavamizi hawakuiweka popote. Nchini kwetu habari za silaha na risasi zinatawaliwa na sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, nayo humtaka raia apate ruhusa ya mamlaka kabla ya kumiliki silaha ya moto. Bastola aliyokuwa akiuziwa haikuwa na ruhusa wala karatasi. Muuzaji aliletwa na rafiki wa rafiki, hakutaja jina lake, na alipoulizwa karatasi alijigusa kifuani akasema, "Karatasi ni mimi." Sheria za kijeshi za tarehe 18 Novemba 2002 zinaweza kumfikisha raia mbele ya mahakama ya kijeshi kwa ajili ya silaha za kivita, na bastola inayotoka mkononi mwa mtu asiye na jina haisemi imetoka katika ghala gani. Silaha ina namba iliyochongwa kwenye chuma, na namba hiyo ina kumbukumbu. Anayenunua bastola kama hiyo hununua pamoja nayo kila ilichokifanya kabla ya kufika kwake.

Nilimweleza pia kile ambacho wanasheria hukidai kwa mtu anayesema alijihami: shambulio liwe linatokea wakati huohuo, liwe la dhuluma, pasiwe na njia nyingine ya kujiokoa, na nguvu iliyotumika isizidi ile iliyohitajika. Mtu mwenye haki kamili katika hayo yote, lakini mwenye silaha isiyo na karatasi mkononi, atamwita nani asubuhi? Atalazimika kuuficha mwili au kuificha silaha, na mtu anayeficha hufanana na mwuaji hata kama siye.

Baba mdogo alinitajia wafanyabiashara wenzake wa Kigoma, upande wa pili wa ziwa, ambao amesikia wana bastola na hawasumbuliwi. Huko nako kuna sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015, na mwenye bastola halali ni yule mwenye leseni. Leseni ya Kigoma haivuki ziwa. Anayesafiri na bastola ndani ya boti, akiificha chini ya magunia ya ndagala, anavunja sheria za nchi mbili kwa safari moja.

Sasa nigeukie lugha, kwani ndiyo kazi yetu katika jarida hili, na ndiyo iliyonikosesha usingizi kuliko chuma. Baba mdogo hakusema hata mara moja kwamba anataka kuua. Alisema anataka kujilinda. Ni neno zuri, lakini katika mkoa wetu wa Tanganyika limebebeshwa mzigo mkubwa. Kuanzia mwaka 2013 Watwa na Waluba walipopigana, katika Manono, Nyunzu, Kabalo na Kalemie, kila upande ulisema unajilinda. Vikundi vya vijana vilijiita vya kujilinda. Tarehe 30 Aprili 2015, washambuliaji waliingia katika kambi ya Watwa waliohamishwa, mjini Nyunzu, wakiwa na mapanga, mishale na mashoka, wakaua watu wasiopungua 30. Kufikia mwaka 2017 mamia ya maelfu ya watu wa mkoa walikuwa wameyakimbia makwao, na kando ya mji wetu, huko Katanika na kwingineko, vibanda vya majani vilienea hata mtu asione mwisho wake. Vita vile havikuhitaji nusu-otomatiki. Mshale ni chombo cha kuwindia, panga ni la shambani, shoka ni la kuni. Vilitumiwa kuua na watu waliokuwa na hakika kwamba wanaojilinda ni wao.

Hapo ndipo nilipolitazama neno lenyewe. Kulinda, katika Kiswahili cha mashambani, ni kukaa kwenye kibanda na kuwafukuza ndege na nyani wasile nafaka: mlinzi hukesha, hupiga debe, hurusha mawe, huita. Katika Luganda, lugha ndugu ya Kiswahili, kitenzi hichohicho, linda, maana yake ni kungoja. Si maana ya mbali. Anayelinda hungoja akiwa macho. Tuna kukinga pia, kama mtu anavyojikinga mvua: huweka kitu baina yake na maji, hapigani na mawingu. Tuna kuhami, tuliloazima kwa Waarabu, kumchukua mtu chini ya himaya yako. Maneno matatu, na hakuna hata moja ambalo lazima liishie kwa maiti. Kifaransa cha makaratasi yetu kilikuwa na neno moja tu, défense, na kila mahali nilipolikuta nililitafsiri kwa kujilinda. Lakini kurasa zile hazikuzungumzia hata kidogo kukesha, wala kuweka kitu katikati, wala kumchukua mwingine chini ya himaya. Zilizungumzia kitendo cha sekunde tatu za mwisho, baada ya hayo yote kushindwa.

Nilimwambia baba mdogo hivyo, kwa maneno machache kuliko haya. Nilimwambia kwamba tumeshindana juu ya sekunde tatu za mwisho na kuacha saa nyingi zinazozitangulia. Alinisikiliza, akasema nimwachie siku mbili. Siku ya tatu alimpigia simu yule rafiki wa rafiki akasema hahitaji tena. Baadaye tulisikia bastola ile imepata mnunuzi mwingine katika mji huuhuu. Habari hiyo haikutufurahisha.

Aliyoyafanya badala yake hayana cha kujivunia. Noti hazilali tena nyumbani. Jioni ileile anayolipwa anaziweka kwa wakala, kwenye M-Pesa au Airtel Money, na anaziweka hadharani, mbele ya vijana wa bandarini, ili walio na haja ya kujua wajue. Makato yanamwudhi, huyaita kodi ya usingizi. Alibadilisha mlango wa mbele, akatia komeo la chuma. Alifunga taa mbili za jua, moja mbele na moja uani. Kisha alikwenda nyumba kwa nyumba na yule mzee, wakakubaliana na majirani kumi na wawili: kila nyumba na filimbi yake, na anayevamiwa au anayemsikia mwenzake akivamiwa apige filimbi, wengine wapige sufuria na mabati na kuwasha taa zote. Hakuna anayetoka nje. Kazi ni kelele na mwanga tu, kazi ya mlinzi wa shamba.

Kuna mwanafunzi mwenzangu aliyeisoma insha hii kabla haijachapwa akaniambia kwamba nimemnyang'anya mtu silaha na kumpa filimbi. Pingamizi lake lina uzito. Wanaokuja usiku kwetu huja wengi, na mara nyingine huja na kalashnikov, na sufuria haizuii risasi. Lakini rivolva nayo haizuii. Mtu mmoja mwenye risasi sita, aliyeamka sasa hivi, mbele ya wanne wenye magazini za 30, hana nafasi kubwa, na bastola yake ni kitu kimoja zaidi cha kuibiwa. Walichoshindwa wavamizi wengi ni muda na mwanga. Tangu mpango wa filimbi uanze, kelele zimepigwa mara mbili: mara moja kwa mlevi aliyekosea mlango, mara ya pili kwa watu walioruka uzio na kurudi walikotoka kabla hawajaonekana sura. Sitasema kwamba hawatarudi.

Baba mdogo mwenyewe hajabadilisha jibu la swali lake la kwanza, nami sijalibadilisha. Husema kwamba siku serikali itakapompa karatasi yenye jina lake na mhuri, na mahali pa kujifunza, atachukua ya kuzunguka. Kati ya mbili hizo, bado naona ndiyo sahihi kwa mtu kama yeye. Nimemwomba jambo moja tu, kwamba siku hiyo aulete ule mchoro wa mikeka na milango, tuutazame tena pamoja kabla hajalipa.

Mzee bado hulipiga bati mara mojamoja, bila kutoa taarifa. Safari ya mwisho, baba mdogo hakwenda mlangoni. Alikwenda kwanza kwenye mkeka wa watoto, akawahesabu kwa mkono gizani, akawasogeza wote nyuma ya ukuta wa matofali wa jikoni, ndipo akapuliza filimbi. Mzee alikuwa amefika kumi na nne. Alisema safari hii hesabu hiyo inatosha.